Mukimo wa Wamaitha

Kama kuna mzazi aliyewahi kuomba mvua inyeshe siku ya kupokea posa ya binti yake, ni Katoo. Jumamosi asubuhi alisimama uani kwake, nje kidogo ya mji wa Kitengela, akatafuta wingu upande wa Ngong asilione. Mvua ya nusu saa tu ingemtosha. Udongo mweusi wa kule ukilowa hakuna gari linalosogea, na wageni wangepiga simu kutoka barabarani waseme tupange siku nyingine. Lakini mvua ya Kitengela haina adabu. Ukiihitaji inakukimbia, ukianika mahindi inakuja mbio. Hema la kukodi lilikuwa limeshasimama na viti vyake vyeupe.

"Baba Lorna, umekunywa ile maji?" Florence, mkewe, aliuliza kutoka jikoni.

"Nimekunywa. Hata nikitembea nasikia ikicheza."

"Na strungi?"

"Na strungi. Sasa nipe kitu mtu hutafuna."

Jibu walilijua wote wawili. Jumapili, yaani kesho yake, Katoo alitakiwa afike hospitali moja ya misheni nje ya mji wa Kajiado akiwa na tumbo tupu na safi. Tangu Alhamisi hakuwa ameonja mboga ya majani wala kitu chenye mbegu, na Jumamosi hiyo hakuruhusiwa ila vitu vinavyopitisha mwanga: maji, chai bila maziwa, yaani strungi, na supu iliyochujwa. Jioni angekunywa dawa ya kuharisha, na alfajiri anywe nyingine. Na Jumamosi hiyo hiyo, mchana, wazazi wa kijana aitwaye Ngugi walikuwa wanakuja kumposa Lorna, pamoja na sufuria zao za chakula.

Ledama, ndugu yake Katoo, alikuwa amezikwa mwezi wa nne. Saratani ya utumbo mpana. Baba yao naye alikufa kwa kitu kilichoitwa tumbo tu, kwa kuwa siku zile hakuna aliyechungulia. Baada ya mazishi, daktari aliyemtibu Ledama, mwanamke mpole aitwaye Elsie, aliita ndugu na watoto akawaeleza kwamba ugonjwa ule unaweza kupita katika damu. Katoo akapimwa kwa ile kamera nyembamba inayoingizwa kwa nyuma, jambo ambalo hakumsimulia mtu. Daktari Elsie aliona mahali palipomtia shaka, ila hakuweza kuapa.

"Mzee, uvimbe mwingine unasimama kama uyoga, huo hata mtoto ataona," alimwambia. "Mwingine umelala. Uko na rangi moja na nyama yako. Naweza kupita juu yake na nisijue nimepita."

"Sasa utajuaje?"

"Kuna wenzetu wamekuja na taa ingine. Tunapuliza dawa huko ndani, tunawasha taa ya buluu, na mahali nyama imeanza kuharibika panang'aa. Tukikashika kakiwa kadogo tunakakata siku hiyo, kasifike kuwa saratani. Lakini hiyo mashine iko hapa mpaka Jumapili ya mwisho wa mwezi. Ikienda, sijui inarudi lini."

Nafasi iliyokuwa imebaki ni ya Jumapili hiyo ya mwisho. Kuahirisha posa hakukuwezekana. Si kwamba akina Ngugi wangekataa, ila wangeuliza kwa nini. Na Katoo, dalali wa ng'ombe wa miaka mingi, alijua swali hilo linakoelekea. Yeye mwenyewe hajawahi kununua mtamba sokoni bila kuuliza mama yake alikufa na nini. Akiambiwa homa, anapunguza bei. Akiona mwenye ng'ombe ameangalia chini, anaondoka.

Lorna, mwalimu wa chekechea mwenye miaka ishirini na sita, alimfuata uani akiwa bado na kitambaa kichwani.

"Papa, wacha niambie Ngugi tu. Yeye hana shida."

"Ukiambia Ngugi umeambia mamake. Ukiambia mamake umeambia kanisa."

"Na daktari alisema mimi pia nipimwe."

"Utapimwa. Olewa kwanza."

"Na nikishaolewa, nitaambia bwana yangu naenda kupimwa nini?"

"Lorna, leo si siku ya kubishana," Katoo alisema kwa sauti ya chini. Binti alimtazama kidogo, kisha akarudi ndani kuvishwa shanga.

* * *

Wageni walifika wakiimba. Kina mama wa upande wa Katoo walifunga lango kama desturi ilivyo, wakawatoza nyimbo, wakadai leso, wakajifanya hawawajui. Katoo aliyaona mabishano hayo ya furaha kupitia dirishani akawatakia kina mama wa kwao roho ngumu. Wangelikaza mpaka jioni! Lakini kina mama hawakuwa na shida yake; walicheka, wakafungua.

"Sopa, Baba Lorna," alisema Gakuru, babake Ngugi, mwenye duka la saruji na mabati pale mjini. Kimaasai chake kiliishia hapo.

"Epa," Katoo aliitikia, wakashikana mikono kwa muda mrefu. Gakuru alikuwa mtu mzuri, na hilo ndilo lililomuuma Katoo, kwani kumdanganya mtu mbaya hakuna kazi.

Mazungumzo yalikwenda kama mafuta. Mbuzi walisemwa, ng'ombe wakasemwa, wazee wakakataa, wakakubali, wakatoka nje kunong'ona na kurudi na nyuso za ukali wa kuigiza. Kisha sufuria zikafunuliwa, na harufu ikaingia chini ya hema.

Katoo alikuwa amejipanga. Angekaa kando ya mjomba wake wa Rombo, mzee mwenye meno mabovu na hamu isiyochakaa, na kila kipande angekisukuma upande ule. Alikuwa hajamjua Wamaitha, mamake Ngugi. Alikuja moja kwa moja na sahani mkononi, mama mnene mwenye kitambaa cha njano, akasimama mbele yake.

"Kwetu baba wa msichana hapakuliwi na mtu mwingine," alisema. "Anapakuliwa na mama wa kijana. Hii mukimo nimeponda mimi mwenyewe."

Ilikuwa mukimo ya kweli, viazi na mahindi vilivyopondwa na majani ya malenge mpaka kila kitu kikawa kijani. Katoo alikumbuka kidole cha Daktari Elsie kikihesabu vitu vilivyokatazwa. Majani yalikuwa ya kwanza na mahindi ya pili.

"Ashe, Mama Ngugi," alishukuru. "Lakini mimi leo nimefunga. Ni maombi."

"Maombi ya nini?"

"Ya hawa watoto."

"Watoto wako hapa, wanaoana. Hata Bwana Yesu alienda harusi ya Kana, na hatujasoma mahali alikataa chakula." Watu walicheka. Wamaitha alicheka pia, lakini hakuondoka. "Ama hii yangu iko na shida?"

"Haina shida."

"Ama ni wewe uko na shida?"

Aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza saa. Katoo alimtazama Florence, na Florence alikuwa akitazama meza. Wa kumsaliti alitoka upande wake mwenyewe: mjomba wa Rombo alimgusa goti kwa fimbo.

"Kula, wewe. Mgeni hawezi kutafuna peke yake kwa boma yako. Unatutia aibu."

Katoo alichukua kijiko. Alijiambia kimoja tu, kwa heshima. Lakini Wamaitha alikuwa amevuta kiti akaketi mbele yake, akiongea habari za mahari ya dada yake, macho yake kwenye sahani. Kijiko kimoja kikawa vitatu. Na jambo la kumkasirisha kabisa ni kwamba mukimo ilikuwa tamu. Hamu ya siku tatu ilikuwa imemkaa, na mwili wake, mpumbavu yule, ulifurahi. Alimaliza sahani, akaongezwa, akamaliza tena, na kina mama wa upande ule wakapiga vigelegele.

Ndani ya nyumba, Lorna alikuwa amewekewa sahani na shangazi yake na hakuigusa. Shangazi alicheka akasema ni haya za mchumba. Ndivyo ilivyo: msichana asipokula siku ya posa watu husema ni haya, mzee asipokula husema ni ugonjwa. Hakuna aliyemwuliza Lorna zaidi, na harusi ikapangwa kuwa mwezi wa Desemba.

Wageni walipoondoka, Katoo alikunywa dawa yake yote jioni ile, akaongeza maji juu yake kuliko alivyoambiwa. Alienda chooni hata akapoteza hesabu. Florence alimngojea nje na taulo.

"Itashuka," Katoo alisema. "Chakula ni chakula, dawa ni dawa."

"Tupige simu tuwaambie?"

"Tuwaambie nini? Wanipe siku ingine? Hakuna siku ingine."

* * *

"Jana ulikula nini, mzee?" nesi aliuliza, msichana wa umri wa Lorna.

"Maji."

"Maji pekee?"

"Na strungi."

Alipewa gauni lililo wazi mgongoni, akalifunga kamba, akapitishwa mbele ya wasichana wawili wengine waliokuwa wakiosha vyombo. Mtu aliyekuwa akisimama sokoni, wanaume wakinyamaza kusikia bei yake, alilazwa ubavuni na kuambiwa akunje magoti. Walimchoma sindano ya kumtuliza, si ya kumlaza kabisa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikataa kulala. Alitaka kujua. Skrini ilikuwa imegeuzwa upande wake, na akaona ndani yake mwenyewe, kunako rangi ya waridi na maji maji.

Daktari Elsie aliingiza kamera. Alinyunyiza maji, akafyonza, akanyunyiza tena. Kisha akapuliza dawa, akasema taa ya chumba izimwe, akawasha ile ya buluu.

Skrini yote iliwaka. Huku palikuwa na vipande vyekundu vinavyong'aa, huku tena, na kwenye kila kunjo la nyama palikuwa na kingine. Katoo, kwa dawa iliyokuwa kichwani mwake, alidhani ameoza kabisa, akaanza kulia bila sauti.

"Mzee, usilie. Hii si ugonjwa," Daktari Elsie alisema. "Ni majani. Mboga ya kijani inang'aa yenyewe kwa hii taa, hata bila dawa yangu. Sasa majani yanang'aa na dawa inang'aa, na mimi sijui ni gani ni gani. Ulikula mboga?"

Katoo aligeuza uso kutoka kwenye skrini.

"Mzee, nakuuliza kwa sababu sioni."

"Nilipakuliwa," alisema.

Daktari hakucheka wala hakugomba, na Katoo angependa agombe. Aliosha tena kwa subira, lakini vipande vilikuwa vimejibanza kwenye mikunjo, na mahindi nayo yalikuwa yamefunika mahali pale pa shaka. Mwishowe alizima taa yake.

"Ile mahali nilitaka kuona iko chini ya chakula," alisema. "Utarudi nikupime na ile taa ya kawaida, lakini unajua ile taa ya kawaida ilishindwa. Na hii inafungwa leo jioni."

"Si mtangoja mpaka kesho? Nitakaa bila kula, naapa."

"Mashine si yangu, mzee. Pole."

* * *

Alikuwa amekaa kwenye baraza, suruali yake imevaliwa tena, Florence akimshika mkono, nesi alipotokea mlangoni na kuita, "Lorna Katoo."

Lorna, aliyewaendesha kutoka Kitengela na ambaye walidhani ni dereva tu, aliinuka. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Unaenda wapi?" Katoo aliuliza.

"Naingia. Niliweka jina wiki iliyopita."

"Nani alikuruhusu?"

"Waliniuliza miaka, Papa. Hawakuniuliza baba." Kisha akalainika. "Sijakula tangu juzi. Dawa nilikunywa kwa chumba yangu, nyinyi mkiwa na yenu. Wacha niende kabla nianguke."

Katoo alitaka kusimama amzuie, na miguu yake, kwa ile sindano, ikakataa. Mlango ulifungwa. Hapo ndipo aliposhikwa na woga ambao hakuwahi kuuhisi kwa ajili yake mwenyewe. Kwa nafsi yake alikuwa amegombana na ugonjwa huu kama mtu na jirani mbaya. Hakuwa amekubali kwamba jirani anaweza kuruka ua akaingia kwa mtoto.

Daktari Elsie alipowaita baadaye, Lorna alikuwa amelazwa nyuma ya pazia, usingizi ukimtoka, mpira wa dripu ukiwa bado mkononi. Daktari alifungua picha mbili kwenye kompyuta.

"Hii ni taa ya kawaida. Mnaona nini?"

Katoo aliinama. "Hakuna kitu hapo."

"Hata mimi ningesema hivyo. Sasa tazama hii. Mahali ni hapo hapo."

Katikati ya picha ya pili, kwenye giza la buluu, palikuwa na doa moja linalong'aa, si kubwa kuliko punje ya dengu. Hakukuwa na kingine. Binti alikuwa amejisafisha vizuri.

"Tumekatoa," Daktari Elsie alisema. "Kanaenda maabara, lakini kwa macho yangu bado hakajakuwa saratani. Kangengoja miaka kadhaa, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Sasa atakuwa anarudi kila mwaka. Akiwa na mimba atuambie. Na bwana yake lazima ajue, kwa sababu hata watoto watakuja kupimwa."

Florence alishukuru Mungu kwa sauti akalia. Katoo hakujua afanye nini na moyo wake. Furaha ilikuwa kubwa, aibu nayo ilikuwa imekaa karibu yake, na nyuma ya zote mbili dalali alikuwa ameanza kupiga hesabu za Desemba. Alijichukia kwa hilo, lakini hesabu ziliendelea.

Simu ya Florence ililia. Aliitazama, akampa mumewe.

"Ni Mama Ngugi. Mimi siwezi."

Katoo alisogea kando ya kitanda cha Lorna, akaipokea.

"Baba Lorna, habari ya Jumapili," sauti ya Wamaitha ilikuwa changamfu, kubwa hata Lorna kitandani aliisikia. "Nimepiga nikuombe msamaha. Wacha niseme ukweli, sipendi kuweka kitu kwa roho. Kuna mtu alituambia nyumba yenu iko na ugonjwa ya tumbo. Ati ndugu yako alikufa nayo, na baba yenu. Baba Ngugi alitaka tusikuje. Nikamwambia, wacha nimpakulie mwenyewe nione. Mgonjwa wa tumbo hawezi kujificha kwa sahani. Na ukakula. Ukaongezwa ukamaliza. Jana nimelala vizuri."

Katoo alijiegemeza ukutani. Kumbe sahani ile ndiyo iliyokuwa posa yenyewe. Mbuzi na ng'ombe yalikuwa maneno tu.

"Baba Lorna, uko?"

"Niko."

"Nasikia kelele ya watu. Mko kanisa?"

Angeweza kusema ndiyo. Lakini hapo hapo mwanamume mmoja akapita akisukuma kitanda cha magurudumu, na nesi akaita mgonjwa mwingine kwa jina.

"Tuko hospitali," alisema.

Sauti ya Wamaitha ilishuka. "Nani mgonjwa?"

"Ni mimi," alisema Katoo haraka. "Nimekuja kuangaliwa presha."

Presha haina aibu. Kila mzee wa maana Kitengela ana presha, na wengine huitaja kwa majivuno. Aliisikia sauti ya Wamaitha ikirudi mahali pake.

"Presha? Hata Baba Ngugi ako nayo. Punguza chumvi, utakuwa sawa."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Katoo alikuwa tayari kuaga alipoona mkono wenye dripu umenyooshwa kutoka kitandani, kiganja kikiwa juu.

"Papa, nipatie simu."

Aliifunika kwa mkono. "Lorna, wamekubali," alinong'ona. "Imeisha. Usiharibu."

"Mwaka ujao nikirudi hapa, nitasema naenda wapi?"

"Tutapata kitu ya kusema."

"Na mwaka ule mwingine?"

Katoo alimtazama Florence, na safari hii Florence hakutazama chini. Kutoka kwenye simu Wamaitha alikuwa akiita, "Baba Lorna? Umepotea?" Katoo aliishika kwa muda. Akaiweka kwenye kile kiganja.

"Mama Ngugi, shikamoo," alisema Lorna. Sauti yake ilikuwa bado nzito kwa usingizi, ila maneno yalitoka moja moja, yamenyooka. "Ni Lorna. Papa hana presha. Mimi ndio niko kwa kitanda, na ni ile kitu mliambiwa. Wameitoa leo, na nitakuwa narudi kila mwaka. Nilitaka mjue kabla ya Desemba."

Upande ule hakuna aliyesema kitu, wala hakuna aliyekata simu.